Ishirini na Mbili na Nusu

Jecha kaja na kofia ya chuma ya babu yake
kaifunga kwenye kanga kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.
"Dada Mwanakheri, inanishuka machoni.
Mwaka jana nimempiga shemegi yangu bua la mgomba
naye yuko upande wetu."

Mimi mshona kofia. Bulibuli, kofia za viua,
vitobo ambavyo sisimizi hupita kwa ubavu.
Nusu ya vichwa vya Makunduchi navijua kwa inchi:
imamu ishirini na mbili na robo,
mwalimu Pandu ishirini na nne, na ukaidi juu yake.
Lakini chuma sijapata kukishona.
Chuma hakipunguzwi pindo.

Nikaiweka mapajani. Nzito kama kinu cha hiliki.
Kijani chake kimekuwa rangi ya chai ya jana.
Ngozi ya ndani mende wameshaila,
imebaki pete ya kutu.
Tangu mzee Vuai arudi Burma kofia hii imefanya kazi nyingi:
imetamiwa na kuku, imepimia dagaa,
imekinga mvua chini ya kipenu.
Kukaa kichwani ndiyo kazi iliyoisahau.

Nikajaribu gazeti. Likaloa jasho, likabandika
matokeo ya mpira kwenye paji la Jecha.
Nikajaribu sponji la godoro: ikakaa juu kama chungu juu ya kigingi,
akigeuka yeye, yenyewe inabaki ikitazama mbele.
Nikajaribu kilemba cha kanga, masikio yakazibwa.
Nikamwita jina lake mara tatu,
akanijibu, "Alhamisi."

"Babu alikuwa na kichwa kikubwa," akasema
kwa fahari ya mtu aliyerithi shamba.
Sote husema hivyo hapa. Kichwa cha Vuai,
kichwa kilichokwenda vitani kikarudi.

Basi nikakwangua kutu kwa kisu cha muhogo
nitafute pa kupitisha uzi.
Chini ya pete kidole kikagusa kitu laini.
Nikakivuta. Kipande cha kikoi
kilichokunjwa mara nne, mara nane,
kikashonwa kwa uzi wa viatu,
mishono mirefu ya mtu asiyejua kushona,
anayeshona usiku, bila taa.

Haikumwenea.
Hata yeye ilikuwa inamshuka.
Walimpa tu, mstarini, iliyokuwa juu ya rundo,
hakuna aliyempima kwa uzi akamuuliza, inakubana?
Akavuka nayo bahari,
akavuka mito isiyo na jina kwetu
haoni ila visigino vya aliye mbele.

Tukanyamaza. Nje mtu alikuwa anaponda makumbi.
Jecha akakinusa kile kitambaa, sijui kwa nini.
Na mimi nikakinusa. Mende, na chuma, basi.

Tukampelekea bibi Mboja, mjane wake.
Akakishika, akakigeuza, hakulia. Akasema:
"Siku nyingine, aliniambia, alikuwa anaiacha ishuke.
Makusudi."
Kisha akaomba tambuu yake.

Nimeshona kofia ndani ya kofia.
Duara la usumba, nimeuchambua mwenyewe, nimeupiga ukalainika,
nikauvisha marekani, nikautoboa vitobo upate kupumua.
Kile kikoi nimekirudisha pake,
mbele, juu ya kipaji,
na mishono yake mibaya sikuigusa.
Ishirini na mbili na nusu.
Jecha akatikisa kichwa kama mbuzi anayekataa kamba.
Haikushuka.

Siku ya Mwaka nilikuwa na wanawake wenzangu
tunatukana kwa nyimbo kama ilivyo ada.
Nikamwona kainua bua, macho yote mawili nje,
na mbele yake Simai,
waliyegombea mpaka wa konde tangu vuli.
Akamtazama. Akamtazama mpaka watu wakaguna.
Halafu akapiga, begani, na si kwa nguvu.

Hela yangu ya ushonaji bado.
Nikimdai, anasema kichwa kinamuuma.