Juzuu ya Pili

Mwaka ule tulipogawa vitabu
kati ya maktaba kuu na chumba cha Isevya,
mwenzangu Nsolezi aligawa kama karata:
hiki huku, hiki kule, hiki huku.
Ndipo kitabu cha ufugaji nyuki, kilichozaliwa pacha,
kikatenganishwa.
Kulwa akaenda Isevya kwenye kapu la baiskeli,
Doto akabaki mjini, rafu ya sita, karibu na dirisha.

Kulwa anafundisha kuchonga mzinga:
mti upi unafaa, uutundike juu kiasi gani.
Doto ndiye anayesema, nyuki wakishaingia, ufanyeje.

Maktaba kuu, nisiisingizie, ni nyumba nzuri.
Sakafu inang'aa hadi unaionea haya miguu yako.
Kuna ramani ya reli, na vituo vyake vilivyosahauliwa na treni,
kuna magazeti yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka,
kuna kimya ambacho ukikohoa kinakugeukia.
Na mlangoni kuna Kapalala na daftari:
jina, kata, kitambulisho, barua ya mtendaji,
begi acha hapa.

Tawi la Isevya ni chumba
nyuma ya mashine ya kusaga ya Mama Nyamizi.
Rafu mbili, benchi, kalenda ya tumbaku ya mwaka juzi.
Mashine ikiunguruma, herufi hutetemeka,
na watoto husoma kwa kelele ili waishinde,
kila mmoja na hadithi yake.
Mtu huleta debe la mahindi, hungoja zamu,
na mikono ya anayengoja haitulii.
Vitabu vyote vya Isevya vina unga katikati.
Ukivifunga kwa nguvu, vinapiga chafya.

Ndivyo alivyoanza Mgalula: debe moja, zamu ya saba.
Aliondoka na unga na juzuu ya kwanza.
Mwezi uliofuata akaja, mahindi hana.
"Nimetundika mizinga minne. Miwili imepata wenyewe.
Sasa?"
Nikamwambia, sasa iko mjini.

Alikwenda. Kapalala alinisimulia akicheka:
jamaa kasimama ngazini, viatu mkononi,
kasoma kibao cha masharti polepole,
hadi sharti la kumi na mbili,
kisha kageuza.

Kikao cha bajeti kilikaa Machi, na soda.
Fedha hizi, wakauliza, tupandishe ghorofa,
au tufungue matawi Kiloleni, Ipuli na Ng'ambo?
Mmoja akasema maktaba ni moyo,
na mwili una moyo mmoja.
Nilitaka kuuliza: na vidole vikifa ganzi?
Sikuuliza. Nilikuwa naandika muhtasari,
na mwandika muhtasari hana mdomo.
Nikaandika: ghorofa.

Jioni ile nilimchukua Doto.
Ana muhuri mwekundu kifuani: HAITOKI.
Alitoka, ndani ya khanga, chini ya vitunguu.
Pengo lake rafuni nililiegemezea kitabu cha jirani,
kama mtu anayecheka huku kaficha jino.

Amerudi juzi, baada ya miezi mitano.
Ukurasa wa arobaini umeng'ang'ania wa arobaini na moja,
na ukimweka juani ananukia msitu.
Kanuni ninaijua, niliipiga chapa mwenyewe:
kwenye safu ya Hali andika "kimeharibika",
toza mara tatu ya bei.

Nikakaa na kalamu.
Nje mafundi walikuwa wanapandisha nondo.
Nikaandika "kimesomwa".

Kapalala alikuwa nyuma ya bega langu.
Safari hii hakucheka.
Akapitisha kidole pembeni mwa kurasa, akakilamba,
akatazama juu, kule zege litakakokaa.
"Mchovya asali..." akaanza,
asiimalizie. Akauliza
hiyo mashine ya Mama Nyamizi inafunga saa ngapi.

Kurasa zile mbili sijazibandua.