Mnyororo Namba 214

Hapa palikuwa bafu la wachimba makaa.
Wakiingia zamu walivua nguo za nyumbani,
wakazitundika kwenye kulabu, wakavuta mnyororo,
na makoti yakapaa hadi darini,
safi, yakimngoja mwenyewe atoke chini, mweusi, meno tu.
Kila mtu na mnyororo wake. Kila mnyororo na namba.

Mgodi ukafungwa. Maji yakakatwa.
Miaka kumi na minane walioga humu njiwa, kwa vumbi.
Kisha halmashauri ikaleta ndoo tano za chokaa
na barua yenye muhuri: Nyumba ya Sanaa ya Watu wa Vallescura.
Mimi nikapewa funguo kwa kuwa nakaa jirani
na kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka.

Leo tunafungua maonyesho matatu.
Manyunyu ya Asturias, yale usiyojua yamekulowesha
mpaka ufike kwako, yanapapasa vioo.
Chumba cha boila ni cha Ximena wa duka la dawa
na ndege wake wa waya.
Ukumbi mdogo, wanafunzi wamepiga picha vivuli vya bibi zao
(bibi mmoja keshalalamika: kivuli chake kimenenepeshwa).
Na ukumbi mkubwa, juu kabisa, kwenye minyororo,
ni Honorina Llaneza, miaka sabini na minne,
michoro arobaini ya chaki na masizi ya jiko lake.

"Usiniandike msanii," aliniambia jana
nikiwa nakata vibandiko. "Andika: alipika dengu."
Nikaandika: alipika dengu.
Shule nzima ya hapa imekua kwa dengu zile.

Watu wanaingia wakikung'uta miavuli.
Diwani anahutubia. Neno urithi analitaja mara saba,
la nane linamezwa na kikohozi cha mtu.
Mvinyo wa tofaa unamiminwa kwa desturi, mkono juu ya kichwa,
nusu glasini, nusu kwenye kiatu cha diwani.
Halafu wote shingo juu, kama wanaotafuta tundu la paa.
Michoro iko darini. Ukitaka kuiona
sharti ufungue mnyororo, ushushe mwenyewe.

Wakasita. Maonyesho gani haya ya kumtoa mgeni jasho?

Belarmino Cuetos hakusita.
Alipita katikati yao kama mtu aliyeamka usiku
kunywa maji nyumbani mwake, asiyehitaji taa.
Mkono ukaenda wenyewe: mia mbili na kumi na nne.
Akafungua. Akashusha, shubiri kwa shubiri.
Roda zikalia, na sauti ile, jamani,
iligeuza vichwa sita vya wazee kwa mara moja.

Likashuka koti.
Koti la kuchorwa, la Jumamosi, kola imekunjika upande,
na mifuko imetuna kama ina mkate.

"La Tino," akasema.
Hakuna aliyeuliza Tino ni nani; wasiojua walijua kunyamaza.
"Mimi ndiye niliyelishusha siku ile.
Siku tatu lilikaa juu. Hakuna aliyethubutu."
Akasogeza miwani. Akaweka kidole karibu na karatasi, bila kugusa.
"Honorina, umekosea. Kifungo cha pili hakikuwepo."

Honorina alikuwa mlangoni, bado na koti lake la mvua.
"Najua," akasema. "Kaka yangu alinipa tangu Jumatatu.
Nikamwambia Jumapili nitakishona."

Belarmino akakitazama kifungo.
Muda mrefu. Mpaka mvinyo ukapoa ladha,
mpaka mtoto wa Ximena akaanza kuvuta minyororo yote
na mama yake asimkataze:
masufuria, buti, bomba la mvuke, mbwa mwenye jicho moja,
vikishuka na kupanda, roda zikipiga kelele
kama saa nane mchana, mwisho wa zamu.

Nilifunga saa tano usiku.
Diwani alibaki nyuma akaniuliza, kwa sauti ya chini,
lile koti ni bei gani.
Nikamwonyesha kibandiko.