Mashimo ya Nguzo

Shamba nililiuza Machi, kwa serikali ya mkoa.
Mei nikaajiriwa kulichimba,
ujira kwa saa, kofia kichwani,
chai saa nne na saa tisa.

Tulikuwa kumi na mmoja, wote wa bonde la Nukazawa:
Hatsue mwenye goti la chuma,
Gonpei aliyeapa hatafuti kitu ila posho,
mjane Sumie, aliyeunoa mwiko wake
hadi ukawa mwembamba kama kisu cha samaki.
Na msimamizi wetu, binti Orimoto,
rika la mjukuu wangu, akituambia:
“Msichimbe. Kwangueni.”

Miaka arobaini na mitatu nililima hapa.
Nililijua shamba kama ulimi unavyolijua jino bovu:
wapi trekta huzama, wapi maji husita.
Lakini jembe langu lilishuka shubiri moja,
halafu likageuka.
Shubiri ya pili sikuwahi kuisalimu.

Siku ya tisa udongo ukabadilika rangi.
Si chungu, si mfupa. Doa tu,
jeusi, la mviringo, kama alama ya sufuria ya moto mezani.
Kisha la pili. La tano.
Orimoto akapiga magoti, akalizungushia ncha ya mwiko.
“Mashimo ya nguzo,” akasema. “Mti umeoza,
shimo limekumbuka.”

Hapa kizingiti. Pale meko, mawe yangali mekundu.
Nikajikuta nimevua viatu.
Gonpei akacheka,
lakini naye alikuwa kasimama nje.

Mlangoni palizikwa chungu, kimefudikizwa,
kitako kimetobolewa. Ndani, udongo.
“Huenda mtoto,” akasema Orimoto. “Huenda kondo la nyuma.
Huenda sijui.”
Sumie alienda kukaa garini, chai yake ikapoa.

Kwetu kitovu hakizikwi. Hukaushwa,
hulazwa katika kisanduku cha mti mwepesi, ndani ya droo.
Changu kipo.
Cha kaka yangu aliyeishi siku sita kipo pia.

Kila Jumatatu alikuja mhandisi Tsukuda,
kalenda mkononi, viatu safi,
na swali moja: “Mnamaliza lini?”
Sikumchukia. Binti yangu huzunguka mlima
kwenda kusafishwa damu, saa moja na nusu,
na theluji ikianguka hapiti.
Daraja nililitaka mimi. Muhuri wa kwanza
kwenye ile barua ni wangu.

Tukapiga picha, tukapima, tukachora kila jiwe.
Wanaita kuhifadhi kwa maandishi,
yaani nyumba inaingia kwenye karatasi,
karatasi inaingia kabatini, mjini.
Jioni ya mwisho tukafagia sakafu ya udongo
(Hatsue alishikilia, na goti lake lile)
kama wapangaji wanaohama
wakijua mwenye nyumba atakagua.
Asubuhi tingatinga likaingia.

Nguzo ya nne ya daraja imesimama karibu na meko.
Shimo lake lina mita kumi na nane. Niliuliza.

Safari ya kwanza, alipofika hospitali, binti yangu akanipigia:
“Dakika ishirini tu! Baba, nimepita juu ya shamba.”
Nami nikamwuliza, kama mtu mwenye akili zake,
umepita upande wa mlango
au wa meko?