Gunia la Arobaini na Moja

Ghalani Kurasini, saa mbili kasoro asubuhi,
nimeshika brashi na kopo la rangi nyeusi.
Kazi yangu ni herufi.
Magunia mia nne ya unga yanakwenda kwa jirani
aliyepigwa na kimbunga juma lililopita,
na kila moja liandikwe: ZAWADI KUTOKA TANZANIA.

Nikisema kweli, nilivimba.
Nilivimba kama andazi kwenye mafuta.
Mimi, Kibwana wa Bi Sikudhani wa Mkwajuni,
mkono wangu ndio unaoisemea nchi!
Z ya kwanza niliiandika taratibu,
nikaivuta mkia kama sahihi ya waziri.

Gunia la arobaini na moja likafumuka mshono.
Nikalipindua nilishone.
Kwa ndani, buluu iliyofifia,
mikono miwili inapeana, nyota tatu,
na maneno ya watu wa mbali
kwa lugha iliyonifelisha kidato cha nne.
Nikapindua la pili.
La tatu.

"Unga ni wetu," akasema Bwana Lukumbo, mtunza ghala,
na wala sikuwa nimemuuliza.
"Wa Rukwa. Nimeupokea mwenyewe, nimeuonja.
Magunia walituletea mwaka ule wa njaa,
tukala, tukayafua, tukayakunja.
Kwani hilo shati lako la mtumba
ukilivaa harusini, bado ni la Mzungu?"

Nikacheka.
Halafu nikaliangalia shati.

Saa sita ikalia simu. Mama.
Msimbazi umeingia ndani tena,
godoro liko juu ya kabati,
kuku wako juu ya godoro,
na yeye amesimama kwenye stuli anawafokea.
"Mjumbe amepita na daftari, ameandika majina.
Mwaka jana pia aliandika.
Ana mwandiko mzuri, kama wako."

"Unga upo?"

"Upo. Umelowa."

Nyuma yangu magunia mia nne, makavu,
yamepangwa mpaka karibu na dari.
Sikuiba. Hata kiganja.
Ila niliyahesabu upya,
polepole, kama mtu anayehesabu deni
asilojua analidai au anadaiwa.
Kutoa ni moyo, tuliimbishwa darasani, usambe ni utajiri.
Mwalimu hakutuambia
moyo huo ubishe hodi mlango upi kwanza.

Nikamwambia Mama ninachokifanya.
Akanyamaza. Nikasikia maji, na jogoo.
"Hao watu wana watoto?"
"Wanao."
"Basi andika vizuri. Rangi isichuruzike.
Na ukimaliza, njoo na ndoo.
Mbili."

Saa tisa wakaja wenye kamera.
Mheshimiwa akashika gunia moja, akalisogeza, akalishika tena,
kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa vibaya.
Lilikuwa lile la arobaini na moja.
Nililijua kwa mshono wangu,
na kwa pembe ya buluu niliyoiacha ichungulie,
sijui kwa uzembe, sijui kwa makusudi.
Makofi yakapigwa. Nami nilipiga.
Viganja vyangu vikagandana kwa rangi.

Jioni nilishuka Mkwajuni na ndoo mbili za ghalani,
tupu, zimeganda weusi pembeni.
Tukachota, tukamwaga nje, tukachota,
Mama mbele, mimi mlangoni,
na maji tuliyoyatoa
yalikuwa yanaingia kwa jirani.