Mistari Minne

Fomu inauliza: Kwa nini unaomba mafunzo haya?
Chini yake, mistari minne ya nukta nukta.
Minne, kwa miaka kumi na tisa ya thieta!
Nimeigeuza karatasi, naandikia mgongoni.
Atakayesoma aniwie radhi.

Sikudhani Mtipa, muuguzi, chumba cha upasuaji,
Newala, huku juu ambako ukungu wa alfajiri
huingia mpaka dirishani na kulowesha mapazia,
lakini bombani husikii ila upepo.
Tunasugua mikono kwa maji ya kopo:
mmoja anamimina, mmoja kanyanyua viwiko
kama aliyesalimu amri.

Kazi nilifundishwa na Bi Anastazia Chilumba,
mwanamke wa maneno machache.
"Tazama mkono wangu," alisema, "uso wangu una nini?"
Nikaijua koleo kwa uzito wake kiganjani,
nikajua daktari anataka mkasi kabla hajajua mwenyewe.
Ila kwa nini,
kwa nini kitambaa kikishuka chini ya usawa wa meza
kihesabiwe kichafu, na macho yanakiona cheupe,
sikuuliza. Kwa nini lilikuwa neno la wenye vyeti.

Halafu usiku ule wa masika.
Jenereta linakohoa. Mama kutoka Kitangari,
mtoto keshatoka, keshalia, keshapewa shangazi.
Shashi zimeingia ishirini. Nahesabu zilizotoka:
kumi na tisa.
Narudia. Kumi na tisa.
Dokta Malibiche yuko wima tangu asubuhi,
sindano ya kushonea tayari mkononi:
"Umekosea hesabu, dada. Tufunge."

Hapa ndipo mistari minne isingetosha:
nilikaribia kukubali.
Nilikuwa nimehesabu moyoni, kama nilivyozoea,
na moyo, mbele ya mtu aliyechoka, si shahidi.

Ni Fidea aliyesema, kutoka ukutani,
binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu,
miezi minane tangu arudi kozi Dar es Salaam
na ubao wake wa chaki tuliouita wa chekechea:
"Ishirini. Nilizihesabu zikifunguliwa, nikaandika."

Ilikuwa nyuma ya mfuko wa uzazi,
imelowa, imejikunja, rangi moja na vilivyoizunguka.

Yule mama alitoka siku ya tano na kanga mpya,
akatuachia mihogo, akashukuru kwa mtoto.
Kazi yetu ikienda sawa haina hadithi.

Wanasema kuuliza si ujinga. Waache waseme.
Hawajawahi kumwuliza mtoto
waliyemfundisha wao wenyewe kuvaa glavu.
Mimi nilimwuliza, kando ya mashine ya kutakasia vifaa,
tukisubiri mvuke,
daftari la hesabu la mwanangu magotini.
Akanipa kwa nini moja kila zamu.
Zimefika thelathini na moja,
na kila moja imezaa nyingine ambayo hata yeye hana.

Ada: magunia mawili ya korosho, mnada wa tatu,
bei mnaijua. Iliyobaki nitakopa.
Matroni anauliza nikienda nani atashika usiku.
Fomu haikuuliza hilo, nami sina jibu,
nina kisanduku tu cha "Nitarudi kituoni",
nimekitia alama hadi kalamu ikatoboa.

Upande wa mbele, kwenye mistari yenu,
nimejaza mmoja tu: Nataka kuhesabu kwa sauti.

Vyeti vya fani: sina.
Mdhamini: Fidea Nnunduma.
Nasikia nafasi za kusini ni mbili,
na yeye naye ameomba, ngazi ya juu.
Ikibaki moja, msinitegemee niseme mpeni yeye.
Mimi si mwema kiasi hicho.