Naishi Karibu

Fomu iliuliza mambo kumi na mawili.
Jina. Umri. Uzito kwa kilo. Namba ya viatu.
Je, hupatwa na kizunguzungu? Je, mwajiri wako anajua?
Mwajiri wangu ni mimi, na tanuri langu la mikate
halijali nani anajua nini.
La kumi na mbili: Kwa nini unataka kujiunga?
Waliniachia mistari sita.
Nikakaa na kalamu mpaka chai ikafanya utando,
nikaandika: Naishi karibu.

Ni kweli. Kutoka dukani hadi banda la mashua
ni hatua mia tatu na arobaini, nimezihesabu,
mia mbili na kitu nikikimbia.
Na hapa visiwani, kaskazini ya Uholanzi,
bahari yenyewe haikai nyumbani:
mara mbili kwa siku huondoka, ikaacha tope linalong'aa
na wageni wa mjini wakilitembelea viatu mkononi,
wakisahau kwamba aliyetoka
ametoka na ufunguo.

Froukje ndiye nahodha. Mchana hutibu ng'ombe.
Alinipa jaketi lenye jina la mtu mwingine,
Hylke, limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu.
"Amekufa?" nikauliza.
"Amehamia bara. Mkewe hapendi upepo."
Durk wa injini alicheka hadi akashika ukuta.

Miezi minne ya Jumanne jioni.
Nilitapika nje ya bandari, nikatapika ndani ya bandari,
nikajifunza kuita redioni bila kuanza na "samahani."
Alfajiri, unga hadi kwenye kope,
nilifunga mafundo kwa kamba ya aproni
nikijisemea kimoyomoyo:

    Fundo halitaki nguvu, lataka mkono tuli,
    Anayekaza mchovu, hufungua kwa ukali.

Mke wangu Aukje aliyaona mafundo kwenye pazia la bafu.
Hakusema kitu. Ila tangu usiku ule
akaanza kulala upande wa ukuta
ili mimi niwe karibu na mlango.

Kisha peja ikalia. Saa nane usiku.
Nilikuwa macho, mikono ndani ya kinyunya;
mwokaji hana usiku.
Nikazima tanuri. Nikakimbia. Sikuhesabu hatua.

Kimtumbwi cha mpira, cha manjano, kitupu,
kimeonekana kikielea mkondo wa magharibi.
Ndani yake kasia moja.
Kandambili moja, ya kushoto, ndogo.

Hapo ndipo nilipojua baridi ni nini.
Tuliichana bahari kama unavyochana nywele za mtoto mwenye chawa,
mstari kwa mstari, kwenda na kurudi,
taa ikipapasa maji, maji yakikataa kusema.
Kazi yangu ilikuwa kutazama kushoto. Basi.
Nilitazama kushoto saa tatu.
Kila wimbi lilikuwa kichwa.
Kila sili aliyeibuka alikuwa mtoto,
kisha akawa sili.

Saa kumi na moja redio ikakohoa:
mwenye kandambili yuko kitandani kwake.
Jorrit, miaka tisa. Alikiona kikienda na maji
akaogopa kumwambia babaye.
Hakuna aliyeshangilia. Durk alipiga chafya.
Froukje akageuza usukani, akasema bila kututazama,
"Safari nzuri ndiyo hii, ya kurudi mikono mitupu."

Mikate ilichelewa. Foleni ilinuna hadi barabarani.
"Ulilala, Tjeerd?"
Nikasema ndiyo, nililala.

Mchana mvulana akaja, masikio mekundu,
babaye amesimama nje akijifanya anasoma bei.
"Ni wewe uliyenitafuta?"
"Mimi nilitafuta upande wa kushoto tu."
Nikamtolea kandambili yake
na kipande cha kamba. "Nionyeshe ulivyofunga."

Akafunga polepole, ulimi nje ya meno.
Nikaliona kosa.
Lilikuwa langu, la Jumanne ya kwanza, lile lile.