Mkono wa Kulia

Karani alisema: shika Biblia, nyanyua mkono, uape.
Nikanyanyua wa kushoto.
Wa kulia, mama.
Nikajaribu. Biblia ikafika usawa wa kifua
ikakwama, kama droo iliyovimba kwa mvua.
Watu wa nyuma wakacheka kidogo. Sikuwalaumu.

Sina ugomvi na chanjo, mheshimiwa. Hilo liandike kwanza.
Wanangu watatu wamechanjwa, na mjukuu,
na wakipita tena Kirumba kesho nitampeleka wa pili.
Ugomvi wangu una upana wa vidole viwili:
pale sindano ilipopaswa kuingia
na pale ilipoingia.
Mimi nimekaa kwenye benchi, muuguzi amesimama.
Mikono ya gauni ilibana, nikashusha shingo yake,
naye akachoma palipoonekana, juu, kwenye kiungo.
Foleni ilifika barabarani.
Aliniambia pole kabla sijaumia.

Siku ya tatu nilishindwa kufunga sidiria.
Mwezi wa tatu niliuza kiti cha wateja.
Kazi ya msusi iko hewani, mheshimiwa,
viwiko juu, saa tano, kichwa kimoja.

Wakili wao, kijana nadhifu, akauliza
kama si kusuka kwenyewe kulikoniharibu,
miaka ishirini na sita.
Nikamwambia: baba, bega linalochoka hutoa taarifa.
Hili langu lilikatika kama umeme,
Jumanne, saa nne asubuhi.

Wakili wangu, Bujiku, alitaka hesabu:
vichwa vingapi kwa wiki, shilingi ngapi.
Nimeleta daftari la madeni, ndilo nililonalo.
*Mama Ng'washi, yeboyebo, elfu nane, bado.*
Limepokelewa, kielelezo namba nne,
na Mama Ng'washi sasa anadaiwa mbele ya mahakama.
Kielelezo namba tano, picha za Bugando:
bega langu jeupe, lina ukungu
kama ziwa alfajiri ya Julai.
Hakimu aliigeuza picha, akaigeuza tena.
Akaandika kitu. Sikuona nini.

Imeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.

Nje, upepo wa ziwa ulinitoa mtandio.
Muuza karanga akanitazama kichwani,
akauliza nasukwa wapi.
Nikamwambia, na binti yangu, Nyanzobe, nyumbani.
Mistari imepinda.
Anajifunza.